Karani wa Mizani na Diski Nyepesi

Kitu chochote ulichompa, alikipima kwanza kwa kiganja. Mkate, simu, kuku, kitabu cha nyimbo, hata kichanga. "Rete nishike," alikuwa akisema, kwa ile r yetu ya Ngara inayoingia mahali pa l bila kubisha hodi. Kisha alikinyanyua na kukishusha, jicho moja amelifumba, mdomo ameubinua, na wewe mwenye kitu ukasimama pale kama unayesubiri hukumu. Mkate uliojaa hewa aliurudisha dukani mbele za watu, akamwambia muuzaji kwamba yeye hali upepo.

Nitamwita Karani, maana hakuna aliyemwita vinginevyo. Alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kijijini kwetu Mbuba, tangu sijaanza shule mpaka nimeshafungua banda langu la kompyuta na gemu hapa Ngara mjini, kwenye mteremko wa kwenda stendi. Watu wengine husema wanamkumbuka mtu wakatabasamu. Mimi nikimkumbuka Karani natamani kwanza kugonga meza. Hasira yangu juu yake haijawahi kuwa moja. Nimemkasirikia yeye, nimewakasirikia waliomdhulumu, na nimewakasirikia waliomcheka, mara nyingine yote ndani ya siku moja.

Kazi yake ilikuwa kutundika magunia ya kahawa kavu ya maganda kwenye ndoano ya mizani, kusoma kilo kwa sauti, na kuamua gunia lipi linapokelewa na lipi linarudi nyumbani. Alikuwa anajua hila zote. Watu walitia mawe katikati ya gunia, wakatia udongo, wakanyunyizia maji usiku ili kahawa iongezeke uzito. Yeye aliliegemeza gunia kwenye goti, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa na jiwe, akaliweka jiwe mezani. Mezani pake palikuwa na mawe mengi, na kila jiwe lilikuwa na mwenyewe, na wenyewe walikuwa wakiyaona kila msimu.

Siku moja mama yangu alipeleka gunia lake kwa baiskeli, analisukuma kwa sababu ya mlima. Mvua ikamkuta njiani. Akalifunika kwa kanga aliyojifunga, akafika amelowa yeye kuliko kahawa. Karani akazamisha mkono. "Rimerowa. Rudi nayo." Mama akasema ni mvua, Karani, hii hii inayokuchuruzikia kwenye bati lako. Watu wa kwenye foleni wakasema ni kweli, mvua imemkuta. "Rudi nayo." Mama akabaki pale kando ya mizani hadi wa mwisho amepimiwa, akidhani labda moyo wake utalegea. Haukulegea. Nilikuwa nimeshika kiti cha baiskeli wakati wa kurudi, na naikumbuka sura ya mama hadi leo. Kuna haki gani kumwadhibu mtu kwa mvua ambayo mwenyewe unaiona?

Ajabu ni kwamba huwezi kusema alikuwa mla rushwa. Mkulima aliyemletea ndizi alirudishiwa ndizi zake. Lakini kwenye sherehe, mtu huyo huyo alipita sahani kwa sahani akinyanyua vipande vya nyama, na kilichokuwa kizito kilikwenda naye. Alipima kahawa ya kijiji kizima na hakuwa na mche hata mmoja, wala kahawa yenyewe hakuinywa. Aliipenda mizani kuliko chochote, ila mizani ikipingana na kiganja chake, mizani ndiyo ilikuwa mbovu. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alikuja kutupa hongera, akaomba kumshika, akataja kilo. Nikamwambia kliniki walisema pungufu ya hapo. Akanirudishia mtoto na kusema mizani ya kliniki ikakaguliwe. Hakuwa anatania.

Na alipenda malori. Hapo ndipo utakapomwonea huruma, hata kama hutaki. Msimu wa kahawa malori yalikuja Mbuba kuchukua mzigo, naye aliyapakia, akayatazama yakipanda mlima mpaka vumbi litulie. Ujanani alimbembeleza dereva mmoja ampandishe aone tu kahawa inakwenda wapi. Miaka ile magari yalikuwa yakisubiriana yavuke pori la Biharamulo kwa pamoja, na askari wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Walipofika kwenye kizuizi, askari akasema asiye na kazi ndani ya gari ashuke. Karani akashuka. Akarudi Ngara, na ng'ambo ya pori lile hajawahi kufika. Mtu huyo huyo wa malori aliogopa bodaboda kuliko nyoka. Akishuka stendi alipanda mlima wetu kwa miguu, vijana wa pikipiki wanamwita, yeye anawapungia mkono wa kuwafukuza.

Alikuja bandani kwangu akiwa ameshastaafu, kupiga picha ndogo za kadi ya matibabu. Alikuwa ametoka hospitali. "Wanasema ni presha ya macho," aliniambia, kama mtu anayetaja kikohozi. Daktari alimweleza kwamba uoni wake unafunga kutoka pembeni kuja katikati, kwamba dawa ya matone itachelewesha tu, na kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi. Nikaanza kumpa pole. Yeye hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anatazama mashine ya pembeni, ambako mteja mmoja alikuwa anaendesha lori kwenye gemu.

"Hiyo inakwenda wapi?"

"Popote unapotaka, Mzee."

"Inavuka pori?"

"Inavuka."

"Na askari?"

"Hakuna askari wa kukushusha."

Akasema, "Rete nishike," akimaanisha usukani. Siku ile hakupiga picha.

Tangu hapo akawa anakuja kila siku ya soko. Barabara za gemu lile ni za Ulaya, lakini yeye alizipa majina yake, ya miji ya njia ya malori ya kwetu. Mji wenye mnara mrefu aliuita Nyakanazi, na njia panda yenye mvua mvua akaiita Lusahunga. Vijana walimpenda, halafu wakamchoka, kwa sababu kila kituo cha mizani kilichotokea njiani yeye aliingia kupimwa, hata pale gemu lilipomruhusu kupita. "Gari risiropimwa ni gari ra wizi," aliwaambia, na lori likapanda mizani taratibu huku wenye zamu wanaguna. Mwishowe akasema anataka mashine yake mwenyewe, nyumbani Mbuba, aendeshe kwa amani wakati macho bado yapo.

Mfuko wake ulikuwa mwembamba. Nikamtafutia kompyuta ya mtumba, zile zilizotoka maofisini, nikaifungia kadi ya picha za gemu ya bei ya chini na usukani uliotumika, na kuongeza memori. Ikabaki diski. Hili ndilo jambo ambalo hadi leo linanipandisha damu, kwa hiyo niliseme polepole. Diski za zamani zina sahani za chuma ndani zinazozunguka, na sindano inayohangaika juu yake ikitafuta kitu. Ndiyo maana ni nzito, na ndiyo maana gemu linafunguka kwa kujikongoja. SSD, diski ya kisasa, haina kinachozunguka. Ni nyepesi kama biskuti, na ina haraka. Kwa mtu mwenye gemu moja na bajeti ndogo, SSD ndogo inatosha kabisa: mfumo wa mashine na gemu vikae humo, na kama ana picha za harusi na mahubiri ya kuhifadhi, diski kubwa ya zamani itakuja baadaye. Nilimweleza hivyo hivyo.

"Rete nishike."

Nikampa SSD. Akaipima, akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio. "Ndani hamna kitu."

"Ndani kuna kila kitu, Mzee. Haina sahani, ndiyo maana nyepesi."

"Na ile?" Akaonyesha diski ya kuzunguka iliyokuwa kwenye rafu. Nikampa. Akanyoosha mikono yote miwili, moja huku na nyingine huku, akafumba jicho, na mkono wenye diski ya zamani ukashuka.

"Bei yake?"

"Zinalingana."

"Na nafasi?"

Nikasema ukweli, kwamba ile nzito ina nafasi mara nne zaidi. Akanitazama kwa masikitiko ya kweli. "Mwanangu, mimi niache gunia nichukue kikombe, kwa bei ire ire? Unaniuzia hewa kama yure wa mikate."

Hoja yake haikuwa ya kijinga, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ukihesabu nafasi tu, alikuwa sahihi. Lakini nafasi ya nini? Alikuwa na gemu moja na lori moja. Nikapandisha sauti, nikamwambia macho yake hayana muda wa kusubiri. Akasema mimi ni fundi, si daktari. Nikamfungia diski nzito kwa hasira, na naamini kila skrubu niliikaza kupita kiasi.

Nilikwenda kumtembelea Mbuba baada ya mavuno. Akawasha mashine, na mkewe akanyanyuka kubandika maharage, maana alishazoea. Diski ikaanza kukwaruza ndani ya boksi. Karani alikaa mbele ya kioo, mgongo wima, anautazama mstari wa kupakia ukisogea, ukisimama, ukisogea. Hakupepesa. Safari ikafunguka, akaendesha vizuri, akafika, na kabla ya safari nyingine mstari ule ukarudi tena.

"Mzee, basi fumba macho upumzike wakati unasubiri."

"Inapakia," alinijibu bila kugeuka. "Umewahi kuona rori rinapakia upesi?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba. Macho yale yalikuwa yanafunga kila siku kama dirisha linalosukumwa polepole, na yeye alikuwa anayatumia kutazama mstari! Mkewe alikuja kunifuata. Akasema, "Mwambie wewe. Mimi nimeshasema mpaka nimechoka." Nikarudi ndani na kumwambia. Nilimwambia siku ile, nikamwambia kwa simu, nikamwambia sokoni, mpaka siku moja akasema sawa, nimekubali, nitakuletea diski unibadilishie. Nilimfundisha kuichomoa. Nikakaa nikimsubiri.

Hakushuka Ngara. Kwenye gari mtu alimwambia Kabanga mpakani SSD ni za bure, akapitiliza. Kule Kabanga, karibu na wabadilisha fedha, palikuwa na mchuuzi aliyetandaza chaja, redio na diski kwenye turubai. Karani akazishika zote, moja baada ya nyingine. Akanipigia simu akiwa na furaha ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mwanangu, urikuwa hujui mahari pa kutafuta. Nimepata SSD yenye uzito!"

"Mzee, usiinunue. Hakuna SSD nzito namna hiyo. Usiinunue!"

"Nimeshanunua," alisema.

Mchuuzi alikuwa na kompyuta mpakato. Alimnakilia gemu na safari zake zote kutoka diski ya zamani kwenda kwenye kile kiboksi kipya, akamwonyesha majina yakitokea kwenye kioo, kisha akaibakiza diski ya zamani kama sehemu ya malipo. Karani akaja nacho bandani kwangu akiwa amekifunga kwenye leso. Nikakichomeka. Majina yalikuwepo, lakini kila nilichobofya hakikufunguka, maana chini ya majina hapakuwa na kitu. Nikakiingiza kisu pembeni nikakibandua mbele yake. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya memori, ya zile za simu, na pembeni yake nati za chuma zilizogandishwa kwa gundi ili kiboksi kiwe na uzito.

Akanyoosha tu mkono. Nikampa zile nati akazishika muda mrefu, bila kufumba jicho. Huyu ndiye aliyekuwa akitoa mawe ndani ya magunia ya watu, na sasa mtu alikuwa ametia chuma ndani ya gunia lake, naye akalipokea.

Tulikwenda Kabanga pamoja kesho yake. Turubai halikuwepo. Nikamuuliza kijana wa kubadilisha fedha aliyekuwa amekaa hatua chache kutoka mahali pale.

"Ego, ndiyo, alikuwepo," akasema. "Amevuka."

"Ulikuwa unajua anauza nini?"

"Kila mtu hapa anajua, dada. Mwenye macho haununui ule mzigo."

Alisema hivyo mbele ya Karani. Nikamtukana, na sijutii. Kila mtu alijua! Walikaa pale wanabadilisha faranga, wanamwona mzee anapimapima kwa kiganja, anafurahi, na hakuna aliyefungua mdomo. Safari zote alizoendesha kwa macho yake, pamoja na Nyakanazi na Lusahunga zake, zilikuwa ndani ya ile diski ya zamani, na diski ilikuwa imevuka mpaka ikafutwe iuzwe kwa mwingine.

Kule Mbuba habari ilifika kabla yetu. Waliowahi kurudishiwa magunia walikuwa wanangoja siku kama ile kwa miaka mingi. Akipita njiani waliita, "Karani, rete tushike!" Mmoja alimwachia jiwe kizingitini. Mama yangu mwenyewe alicheka mpaka akashika ubavu, na sikuthubutu kumlaumu, kwa kuwa mvua ile bado iko kati yao. Lakini wengine wale? Walikuwa wezi wa kahawa waliokamatwa, na sasa wanajifanya walidhulumiwa. Nilitamani kupita nyumba kwa nyumba nikiwakumbusha kila mmoja jiwe lake.

Karani hakuja tena siku za soko. Mkewe akanipigia simu kusema kwamba hali vizuri, na mashine ameifunika kitambaa. Nikachomoa SSD kwenye mojawapo ya mashine zangu za biashara, nikaitia mfukoni, nikaenda Mbuba.

Nilimkuta amekaa sebuleni. Nikaona jinsi anavyogeuza kichwa kizima ili anipate, kama anayechungulia kupitia bomba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Fundi?"

"Ni mimi."

"Umereta nini? Nasikia mfuko wako hauna uzito."

"Ndiyo hiyo. Na hutaishika."

Akacheka, mara ya kwanza tangu Kabanga. Nikaifunga, nikaweka gemu upya. Nikamwambia awashe. Mkewe akanyanyuka kwenda jikoni, na kabla hajavuka mlango sauti ya injini ikajaa sebuleni. Akageuka. Karani bado alikuwa anafuta miwani yake. Akaivaa, akaukuta usukani uko tayari na barabara imeshafunguka.

"Imeshapakia?"

"Imeshapakia."

Akafoka, na sauti ile ilitoka mbali sana. "Kumbe ndivyo! Na wewe uriniacha nikae miezi yote ire natazama ure mstari?"

"Mimi? Mimi, Mzee? Nani aliyeniambia namuuzia hewa?"

"Ungenirazimisha!"

"Wewe umewahi kulazimishwa na nani?"

Mkewe akasema wote wawili tunyamaze, maharage yenyewe yanatusikia. Karani akashika usukani. Alianza upya kabisa, lori la kuazima, mzigo wa watu. Katikati ya barabara alipaona vizuri na akapashika bila kuyumba. Pembeni hapakuwepo tena kwake, kwa hiyo nikawa mimi ndiye ninayesoma vibao. Kushoto kuna shamba. Kulia kuna kituo cha mafuta. Kushoto mji, una mnara. "Nyakanazi," akasema.

Kisha nikaona kibao cha mizani upande wa kulia. Gemu lilituruhusu kupita. Ningeweza kunyamaza na asingejua. Nikasema, "Mzee, mizani kulia." Akapunguza mwendo, akaingia, akalipandisha lori taratibu, akalisimamisha. Taa ilikuwa nyekundu, pembeni ya kioo, mahali ambapo macho yake hayafiki. Tukasubiri. Na sijui kwa nini, labda kwa sababu ya sauti ya ile injini iliyosimama, nikamuuliza.

"Siku ile ya gunia la mama. Ulijua kwamba ni mvua?"

Hakunigeukia. "Nirijua."

"Sasa kwa nini?"

"Mvua nayo ina kiro, mwanangu," akasema.

Hivyo tu. Hakuomba radhi wala hakulainisha sauti. Damu ikanipanda kama siku ile nimeshika kiti cha baiskeli. Kwenye kioo, taa ikawa ya kijani. Yeye alikaa wima, mikono kwenye usukani, anasubiri niseme. Sikusema. Nilimwacha kwanza pale juu ya mizani, kama mama alivyosimama akisubiri, mpaka nikamwona anageuza kichwa kizima kuitafuta taa asiyoweza kuiona.

"Twende, Mzee," nikasema. "Imekupokea."